Pete za taa hazisomeki, grafu haikai sawa: pa kuanzia kutafuta kosa

Taa, yule samaki bapa mwenye mabawa na mkia wa mwiba, hana mfupa hata mmoja. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu tupu, hana magamba ya kuhesabia miaka, na kijiwe cha sikioni ambacho watu wanaopima umri wa changu na tasi hukitegemea, kwake hakipo cha kufaa. Kilichobaki ni pingili za uti wa mgongo. Taa anavyokua, pingili nazo hunenepa kwa matabaka ya chokaa, zito likifuatwa na angavu, na jozi hizo za pete ndizo zinazohesabiwa ili kukadiria umri.

Mwongozo huu ni wa aliyekwama: mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara, ofisa uvuvi aliyekabidhiwa debe la pingili na kuambiwa alete umri. Nimepanga dalili kwa jinsi watu wanavyozilalamikia, wala sikufuata hatua za kitabuni. Na msimamo wangu nautoa mapema: kosa karibu kila mara limetokea nyuma ya pale linapoonekana. Grafu mbaya ya upana dhidi ya umri haitibiwi kwa kubadilisha fomula. Mara nyingi ilishaharibikia kwenye friza, au mnadani kabla hata taa hajapimwa.

"Pete hazionekani kabisa"

Uliza kwanza pingili imehifadhiwa vipi. Formalini isiyodhibitiwa asidi yake hula chokaa taratibu, na pete zenyewe ni chokaa. Pingili iliyokaa humo muda mrefu hairudi, kwa hiyo usipoteze rezini (gundi ya kuigandishia kabla ya kukata) juu yake. Njia salama ni kugandisha kwenye friza hadi siku ya kusafisha, kisha kuweka kwenye ethanoli ya 70%.

Mtuhumiwa wa pili ni jiki. Ni kweli pingili husafishwa nyama na utando kwa dawa hiyohiyo ya kung'arisha nguo nyeupe, lakini mtu huitumbukiza akaenda zake kula. Pingili ya taa mchanga inatosheka na dakika chache. Ya taa mkubwa inataka zaidi, ila hakuna inayotaka kuachwa bila mtu wa kuitazama. Ikizidishiwa, uso wake unakuwa wa ungaunga na kuta zinameguka ukizigusa kwa kibano. Itoe mara utando unapoachia, uisuuze kwa maji mengi yanayotiririka, uiache ikauke polepole kivulini. Ukiianika juani itapasuka, na mipasuko hiyo utakuja kuihesabu kuwa pete.

Ikiwa pingili ni nzima, angalia unene wa kipande ulichokata. Kinachosomeka vizuri kina unene wa milimita 0.3 hadi 0.5. Kikizidi hapo, pete za juu zinafunika za chini na jicho linaona ukungu. Maabara zisizo na msumeno wa kisu cha almasi zisikate tamaa: gundisha pingili kwenye slaidi, isugue upande mmoja kwa msasa wa maji hadi ufike katikati, igeuze, sugua upande wa pili. Anza na msasa mkali umalizie na laini. Ni kazi ya kuchosha mikono, lakini matokeo yake yanasomeka.

Mwisho ni rangi. Kuna spishi ambazo pete zake ni hafifu kwa asili, na hapo rangi inasaidia. Kristali vayoleti ndiyo hiyo GV ya zambarau inayopakwa vidonda vya mdomoni. Ile ya duka la dawa ni kali mno. Ikiwa ni ya 1%, sehemu moja kwa maji sehemu 99 inakupa 0.01%, na hiyo inatosha. Kipande kikitoka cheusi, umekichelewesha: kisuuze kwa ethanoli na ukitazame tena kabla ya kukitupa.

"Katikati hapaeleweki"

Kipande kilichokatwa sawasawa kina umbo la tai ya kipepeo: mikono minne migumu inayokutana katikati kabisa, kwenye kitovu cha pingili. Kama mikono haikutani, kwamba kuna uwazi au daraja nene kati yake, kisu kimepita pembeni ya kitovu. Hapo pete za ndani zimekatwa zikatupwa, na hakuna ustadi wa kusoma utakaozirudisha. Kata pingili nyingine ya taa huyohuyo. Ndiyo sababu kila mara tunachukua pingili kadhaa mfululizo, wala si moja.

Mikono ikikutana na bado hujui uanzie wapi, tatizo ni alama ya kuzaliwa. Hii ni pete ya kwanza, na kwa kawaida ukingo wa nje wa mkono mgumu hubadilisha pembe mahali hapo. Mstari unaotoka kitovuni unakunja kidogo. Usiitafute kwa macho tu. Pata pingili za vijusi waliokaribia kuzaliwa, upime nusu kipenyo chake: alama ya kuzaliwa ya wakubwa lazima iangukie karibu na kipimo hicho. Ukiona pete iliyo ndani zaidi ya hapo, hiyo ni ya tumboni, haihesabiwi.

Hapa pana mtego ninaotaka msomaji aukumbuke. Taa jike mwenye mimba akinaswa mara nyingi huharibu mimba palepale, kwenye wavu au ndani ya chombo. Kitoto unachokikuta chini ya ngalawa kikiwa kimekunja mabawa si lazima kiwe kimetimiza siku zake. Angalia tumbo lake: kama kifuko cha kiini bado kinaning'inia, au kovu la mahali kilipokuwa ni bichi, huyo ni njiti. Ukimwandika kama "upana wa kuzaliwa", alama ya kuzaliwa itawekwa ndani mno, pete moja ya uongo itaongezwa kwa kila taa kwenye jedwali lako, na grafu nzima itaanzia chini ya inapotakiwa.

"Taa mmoja, pingili mbili, idadi mbili"

Pingili zimetoka sehemu tofauti za mgongo. Kwa taa, pingili za mbele nyuma ya kichwa zimeungana zikawa mrija mmoja mgumu. Hizo achana nazo. Za mkiani ni ndogo na hupoteza pete, hasa za nje. Zinazofaa ni zile kubwa zilizo juu ya uwazi wa tumbo, nyuma ya ule mrija. Chagua sehemu moja, iandike, na usiibadilishe kwa taa yeyote hadi utafiti uishe.

Habari njema ni kwamba sehemu hii ndiyo isiyogombaniwa sokoni. Mabawa hukatwa yakauzwa, kiwiliwili kinabaki kwa bei ndogo. Mwelewane na mchuuzi mapema, upime taa akiwa mzima, kisha ununue kiwiliwili baada ya yeye kutoa mabawa yake.

Na kuna anayeuliza kila mara kuhusu mwiba: kwa nini tusikate mwiba tuhesabu humo? Kwa sababu taa hubadilisha miiba. Wa zamani hung'oka mpya ukichomoza, na ndiyo maana unaweza kumkuta taa ana miiba miwili au mitatu kwa pamoja. Mwiba unajua umri wake wenyewe tu.

"Pete ni nyingi mno"

Fuata kila pete kwa jicho kutoka mkono mmoja hadi wa pili. Pete ya kweli huvuka gegedu la katikati na kuacha alama kwenye mikono yote miwili. Ya uongo huishia njiani, au huonekana upande mmoja tu. Kuna pia pete zinazogawanyika: nyembamba mbili zinazokwenda bega kwa bega, kisha zinaungana zinapogusa mkono. Hizo ni moja.

Kabla ya kuamua, angalia mwanga wa hadubini unatoka upande gani. Mwanga ukitoka chini, pete nzito zinaonekana nyeusi na angavu zinang'aa. Ukitoka juu, mambo yanageuka. Nimeona mijadala mirefu ya wasomaji wawili ambayo chanzo chake ni hicho tu: mmoja anatumia mwanga wa chini, mwenzake wa juu, na kila mmoja anahesabu "nyeusi". Andikeni aina ya mwanga ukutani karibu na hadubini.

"Wasomaji wawili hawakubaliani"

Kutofautiana kidogo ni kawaida. Tuseme mmoja amesoma pete 8 na mwenzake 10. Wastani ni 9, na wastani wa kosa kwa asilimia, ile fomula ya Beamish na Fournier ya 1981, ni 11.1%. Mgawo wa mtawanyiko (mchepuko sanifu uliogawanywa kwa wastani) kwa wawili haohao ni 15.7%. Kwa pingili za papa na taa, mtawanyiko wa 10% si jambo la kushangaza, ingawa kwa vijiwe vya sikio vya samaki wenye mifupa ungeonekana mkubwa.

Lakini asilimia hizi hazisemi lililo muhimu zaidi: je, tofauti inaelekea upande mmoja? Chora usomaji wa mmoja dhidi ya wa mwenzake. Nukta zikizunguka mstari wa usawa juu na chini, mna kigugumizi cha kawaida, kinachotibiwa kwa mazoezi. Zikiwa zote upande mmoja kwa pete moja kamili, mnatofautiana kuhusu alama ya kuzaliwa. Zikianza pamoja kisha zikaachana kwa wakubwa, ugomvi uko ukingoni, kwenye pete zilizobanana. Mambo matatu tofauti, dawa tatu tofauti, na wastani wa kosa unaweza kuwa uleule kwa yote.

Wasomaji wasijue upana wala jinsia ya taa wanayemsoma. Hili linapuuzwa sana, na madhara yake ni mabaya kuliko ugomvi, kwa sababu mtu anayejua kuwa pingili imetoka kwa taa mkubwa atazipata pete za kumtosha. Namba zinapendeza, grafu inapendeza, na kilichopimwa ni matarajio ya msomaji. Badilisha namba za sampuli, changanya mpangilio, na urudie kusoma baada ya wiki kadhaa.

Kukubaliana nako hakuthibitishi kitu. Wasomaji wawili waliofundishwa na mtu mmoja kuruka pete ya kwanza wataafikiana kwa 100% na wote watakuwa nyuma kwa mwaka.

"Taa wakubwa wote wanatoka na umri mmoja"

Mabawa yanapanuka kutoka mita 1 hadi mita 1.3, lakini idadi ya pete imesimama palepale. Taa anapokaribia upana wake wa mwisho, pingili karibu inaacha kunenepa, na pete za nje zinabanana hadi zinaungana machoni. Ongeza ukuzaji wa hadubini ukingoni peke yake, piga picha, soma kwenye skrini kubwa. Wakati mwingine utapata pete mbili tatu zaidi.

Wakati mwingine hutapata, kwa sababu hazipo. Papa aina ya porbeagle wa New Zealand alichunguzwa kwa kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo iliacha alama ya tarehe kwenye miili ya viumbe wa baharini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa pete za papa wazee zinapunguza umri wao kwa kiasi kikubwa. Kwa papa malaika wa California ni kali zaidi: mwaka 1990 Natanson na Cailliet walionyesha kuwa pete zake zinafuata ukubwa wa mwili, hazifuati muda. Pingili ni nguzo ya mwili kabla ya kuwa kalenda. Inajijenga kadiri mwili unavyohitaji kubebwa.

Kwa hiyo idadi kubwa kabisa ya pete uliyoipata iite umri wa chini unaowezekana. Hili si suala la adabu ya maneno. Fomula nyingi za kukadiria vifo vya asili hutumia umri wa juu kabisa, na ukiukata nusu, kiwango cha vifo kinakaribia kuwa maradufu. Taa anaonekana kiumbe anayekufa haraka na kuzaliana haraka, mtu wa mipango anaona hakuna shida kuongeza nyavu za jarife, na kumbe majike wale wakubwa wanaonaswa ndio waliochukua miongo kufika hapo.

"Grafu imenipa taa asiyekuwepo baharini"

Programu inakuletea upana wa mwisho wa mita 3 kwa spishi ambayo mkubwa wake hajawahi kufika mita 2, kasi ya ukuaji ya 0.03, na t0 (umri ambao upana wake ungekuwa sifuri) ya −4. Soma namba hizo kama kauli. t0 ya −4 inadai kuwa taa alianza kukua miaka minne kabla ya kuzaliwa, ilhali mimba ya taa huhesabiwa kwa miezi.

Sababu ni kwamba ncha za grafu ziko tupu. Wachanga wako kwenye vijito vya mikoko na mchanga wa maji haba, wakubwa wako nje, na jarife lenye matundu makubwa huleta wa katikati tu. Tena hata wale wachanga linaowaleta ni waliokua haraka kuliko wenzao, wembamba wamepenya. Upana wa wachanga unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, mwanzo wa grafu unapanda, kasi inashuka.

Dawa ya kwanza ni sampuli: nenda kwenye uzio, kwenye mshipi, kwenye dhulumati (kamba ndefu yenye ndoana nyingi), popote ambapo ukubwa mwingine hunaswa. Dawa ya pili ni kuacha kukadiria t0 na kuweka upana wa kuzaliwa unaoujua. Mlinganyo wa ukuaji wa von Bertalanffy unabaki na vitu viwili tu vya kutafuta:

upana = W∞ − (W∞ − W0) × e^(−kt)

W∞ ni upana wa mwisho, W0 upana wa kuzaliwa, k kasi ya kuukaribia upana wa mwisho, t umri kwa miaka.

Mfano mzuri ni utafiti wa O'Shea na wenzake kwenye miamba ya Ningaloo, Australia Magharibi, uliochapishwa mwaka 2013. Walikuwa na spishi nne na sampuli chache, hali inayofanana sana na yetu. Mlinganyo huu wa vitu viwili ndio uliokaa vizuri kuliko mingine kwa zote nne; kisha wakatumia njia ya Bayes, inayoruhusu kuingiza yale yanayojulikana tayari kuhusu spishi. Himantura uarnak walisomeka kuanzia mwaka 1 hadi 25, Pastinachus atrus hadi 27, Neotrygon kuhlii hadi 13, na Taeniura lymma, yule mdogo wa madoa ya buluu anayeonekana pia kwenye miamba yetu, hadi 11. Upana wa mwisho ulikuwa sentimita 149, 156, 42 na 33 kwa mpangilio huo. K ilikuwa 0.12, 0.16, 0.38 na 0.24.

Chukua huyo wa mwisho uone namba zinavyofanya kazi. Tuseme anazaliwa na sentimita 13. Mwaka wa kwanza anafika 17.3, yaani ameongeza zaidi ya sentimita 4. Akiwa na miaka 5 ana 27. Kutoka mwaka wa 10 hadi wa 11 anaongeza milimita 4 tu. Basi kosa la sentimita moja kwenye futi yako ni miezi michache kwa mchanga, na ni zaidi ya miaka miwili kwa mzee.

"Nukta zimetawanyika ovyo"

Rudi kwenye futi. Urefu wa jumla usitumike, kwa sababu mkia hukatika majini na hukatwa chomboni ili kuondoa mwiba. Kipimo ni upana wa bawa hadi bawa, kwa mstari ulionyooka, taa akiwa amelazwa tambarare, bila kupitisha futi juu ya mgongo ulioinuka. Aliyekaa juani tangu alfajiri ameshaanza kujikunja kingo, na aliyetiwa chumvi kwa ajili ya ng'onda hapimwi kabisa. Ukimkuta ameshakatwa mabawa, pima kipenyo cha pingili na ukadirie upana kwa uhusiano uliotengeneza kutoka kwa taa wazima wa spishi ileile, ila mwandike pembeni kuwa ni makadirio.

Tenganisha jinsia. Dume anatambulika kwa viungo viwili vya uzazi kandokando ya mkia. Majike wa taa wengi huwa wakubwa na huishi zaidi, na ukichora mstari mmoja kati yao na madume unapata taa ambaye si dume wala jike.

Halafu spishi, na hapa sina upole. Mnadani jina moja linatosha kwa biashara, lakini kwenye jedwali halitoshi. Yule aliyekuwa akiitwa Neotrygon kuhlii kuanzia Afrika hadi Pasifiki amegawanywa: jina hilo sasa ni la wa visiwa vya Pasifiki, wa Australia Magharibi anaitwa N. australiae, wa mashariki ya Australia N. trigonoides, na wa upande wetu wa Bahari ya Hindi N. caeruleopunctata, aliyeelezwa mwaka 2016. Himantura uarnak wa Australia naye amekuwa H. australis. Kwa hiyo namba za Ningaloo nilizozitaja ni mwongozo wa kuelekeza, si za kunakili kwenye ripoti ya Tanga au Kilifi. Piga picha ya kila taa, juu na chini, na ukate kipande kidogo cha nyama ukitie kwenye ethanoli kwa ajili ya vinasaba. Majina yatabadilika tena. Picha na nyama vitabaki.

"Ni jozi moja kwa mwaka, au mbili?"

Swali hili ndilo linalobeba mengine yote, na ndilo linalojibiwa kwa kunakili. Mtu anaandika "tulichukulia jozi moja kwa mwaka" na kuendelea. Huko Queensland, mashariki ya Australia, Pierce na Bennett walithibitisha mwaka 2009 kuwa ni jozi moja kwa mwaka kwa Neotrygon wa madoa ya buluu wa kule, huyo anayeitwa sasa N. trigonoides. Lakini kule pana majira ya baridi ya kweli. Pwani yetu bahari ina nyuzi 25 hivi wakati wa kusi, Agosti, na 29 au zaidi kaskazi inapoisha. Tofauti ni ndogo, na pete hafifu ni jambo la kutarajiwa. Kwa taa wanaokaa vijitoni, masika na vuli huleta maji baridi na matope mara mbili kwa mwaka. Sidai kwamba hilo linaweka jozi mbili. Nadai kwamba lazima lipimwe.

Njia ya gharama ndogo ni kufuatilia ukingo. Kwa kila pingili pima umbali kutoka pete ya mwisho iliyokamilika hadi ukingoni, ugawanye kwa upana wa jozi ya mwisho iliyokamilika. Chora wastani wa kila mwezi. Kama jozi ni moja kwa mwaka, grafu inapanda polepole na kuanguka mara moja. Kama ni mbili, inaanguka mara mbili.

Ikikataa kuonyesha chochote, angalia mambo mawili. Kwanza, je, umechanganya wachanga na wazee? Ukingo wa taa mzee ni mwembamba mno kupimika. Fanya jaribio hili kwa wachanga na wa makamo peke yao. Pili, una miezi mingapi? Kusi likivuma vyombo vidogo havitoki, mnada unakonda, na sampuli za Juni hadi Agosti zinakuwa tatu nne au hakuna. Hiyo ndiyo miezi ambayo pete angavu ina uwezekano mkubwa wa kuwekwa. Grafu yenye shimo hapo haiwezi kutofautisha jozi moja na mbili, hata ukiwa na mamia ya taa wa kaskazi. Panga bajeti yako kinyume cha desturi: fedha nyingi za sampuli ziende kwenye kusi, na umlipe mvuvi wa vijitoni anayeendelea kuvua wakati wa nje wamepumzika.

Njia yenye nguvu zaidi ni dawa ya alama. Oksitetrasaiklini, ileile wanayochomwa ng'ombe, ikidungwa kwa miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito hushikamana na chokaa mpya na kuacha mstari unaong'aa njano chini ya mwanga wa urujuanimno. Taa anawekwa kibandiko, anaachiwa, na akikamatwa baada ya mwaka unahesabu pete zilizo nje ya mstari. Inataka kibali, na inataka wavuvi waelezwe wazi kabla, kwa sababu taa huyo anaweza kuishia chunguni. Waambiwe rangi ya kibandiko, wapi pa kumpeleka, na kwamba watalipwa bei ya samaki mzima. Hata watatu wakirudi, wana uzito kuliko sura nzima ya takwimu.

Ikiwa muda wa utafiti umekwisha na jibu halijapatikana, safu ya jedwali iitwe "jozi za pete", isiitwe "umri". Endesha mlinganyo mara mbili, kwa jozi moja na kwa jozi mbili kwa mwaka, na utoe matokeo yote mawili kwa wanaopanga uvuvi wakijua wazi tofauti yake. Pingili zilizobaki zirudi kwenye ethanoli, kila chupa na karatasi ya ndani iliyoandikwa kwa penseli: spishi, jinsia, upana, tarehe, mahali, na chombo kilichomvua. Wino huyeyuka kwenye ethanoli.